Maneno ya Mama wa Dirishani

Mume wangu huua watu kabla ya chakula cha mchana. Siku nyingine huwafufua, maana mwenye tamthilia alisahau kwamba yule alikwisha kufa, na mume wangu husema tu kile alicholetewa. Mtaani wamempa jina la Kasuku, nami sina kinyongo nalo, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo: kurudia yaliyosemwa na wengine. Huchukua tamthilia za nje akazitia Kiswahili, peke yake, sauti zote, askari, jambazi, hakimu, bibi harusi, hata mtoto anayelia. Akifika kwa mwanamke hubana koo kwa vidole viwili, ndiyo maana wanawake wake wote wanasikika kama wana mafua.

Chumba chake cha kazi ni kile kidogo cha nyuma. Kuta kazipachika trei za mayai na vipande vya magodoro ili sauti isigonge na kurudi, na kipaza sauti kakivalisha soksi. Soksi ni yangu, nyingine sijui iko wapi. Mlango hakuna, kuna blanketi zito, na upande huu wa blanketi ndipo tulipo mimi na cherehani yangu. Sheria ya nyumba ni moja: taa nyekundu ikiwaka, mguu wangu unatoka kwenye pedeli. Siku moja nilikuwa nimebanwa na sare za shule, nikajifanya sijaiona taa. Mpaka leo kuna watazamaji watakaokuapia kwamba katika sehemu ya pili ya ile tamthilia kulipita helikopta.

Ile tamthilia, namaanisha ya mkaguzi wa madaraja. Daraja limeanguka, watu wamekufa, na yeye anasingiziwa kwamba ndiye aliyelegeza vyuma. Kabla hawajamfunga pingu anaruka ukuta, na kuanzia hapo ni mguu niponye, sehemu kwa sehemu, huku inspekta mmoja mwanamke akimfuata bila kuchoka. Watu waliipenda kupita kiasi. Ilichezwa kwenye vinyozi, kwenye vibanda vya simu, kwenye mabasi ya masafa, na kila ilipochezwa sauti ilikuwa ya mume wangu.

Mimi ni mkosoaji, sijifichi. Ndevu za yule mkaguzi zilinitia wazimu. Mtu kakimbia msimu mzima na ndevu ziko vile vile, kana kwamba nazo zinaogopa kutoka. Leo anazama mtoni, kesho shati limepigwa pasi, nani kapiga? Kila akichoka kukimbia anakuta gari lenye funguo. Yule inspekta naye hafiki kwake hata siku moja, hatujui kama ana watoto au hana, analala wapi, anakula nini. Nikimwuliza Kasuku, ananijibu, "Mimi nimeletewa mdomo, sikuletewa akili."

Lakini haki ya mtu nampa. Yule mkaguzi akiingia mahali, kabla hajakaa hutafuta kwa macho mlango mwingine uko wapi. Chai huiacha nusu. Mtu akiita barabarani, hata kama anaitwa mwingine, bega lake linaruka. Aliyeyaandika hayo amewahi kuogopa, nami nilikuwa tayari kumsamehe ndevu.

Watazamaji nao hawakubaki nyuma kwa kukosoa. Kasuku hutaja namba yake ya simu mwanzo wa kila sehemu, kwa hiyo akikosea anapigiwa. Alikosea vibaya kwenye jambo la mjomba. Lugha ya wenyewe ina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo, baba mkubwa na hata mume wa shangazi, na yeye akachagua mjomba, akamtia upole wa wajomba. Sehemu ya nne ikaja kumbe ni ndugu wa baba na anataka mali ya marehemu kaka yake. Simu zikamiminika. "Kasuku, mjomba kageukaje baba mdogo?" Sehemu iliyofuata akachomeka kwa sauti ya mkaguzi mwenyewe, huku anapanda ukuta: "Huyu ni baba mdogo, jamani, mjomba alishasafiri." Watu wakaridhika, na mimi nikajifunza kwamba mume wangu akitaka anaweza kumfanya mtu yeyote aseme lolote.

Aliyekuwa akiifuata tamthilia hiyo kuliko sisi sote ni mama mkwe. Anaishi nasi, na macho yake si mazuri siku hizi, basi huweka kigoda chake karibu na blanketi akasikiliza mwanawe akifanya kazi. Mara ya kwanza aliposikia neno mtoro alilisukuma blanketi taa ikiwa inawaka.

"Mtoro ni mtoto anayekwepa shule," alisema. "Huyo kasingiziwa. Tafuta neno jingine."

Kasuku alizima mashine, akalitafuta. Tangu siku hiyo mkaguzi akawa aliyesingiziwa, hata pale ambapo mdomo wa mwigizaji ulifunguka mara moja tu na neno letu bado linaendelea.

Alikuwa na sababu. Mwanawe wa kwanza, kaka wa mume wangu, alikuwa dereva wa lori kwenye ghala moja la vipuri. Mzigo ulipotea, wakasema dereva anajua, naye siku aliyotakiwa kwenda kuhojiwa hakwenda. Alitoroka, akatupa laini ya simu, hakusikika tena. Mwaka uliofuata karani wa ghala alikamatwa kwa wizi mwingine, akakiri na ule wa kwanza. Kesi ya shemeji ikafutwa. Kila mtu alijua isipokuwa yeye. Jamaa walitoa tangazo redioni, jina lake likasomwa vizuri kabisa, na sote tulielewa baadaye kwamba mtu anayejificha akisikia jina lake redioni hasogei karibu, anazidi kwenda mbali. Basi ndivyo ilivyokuwa: shemeji anakimbia kitu ambacho hakipo, na mama anazeeka akimngoja.

Mimi niliolewa baada ya hayo, sikuwahi kumwona. Nilikuwa na picha moja, ambayo nusu ya uso wake imefunikwa na bega la mtu, na hadithi za mama mkwe. Kwamba alikuwa mvivu mwenye moyo mzuri. Kwamba ukimtuma maji anajibu "baadaye", ukimtuma dukani "baadaye", mpaka mama akamwita Bwana Baadaye, jina la humu ndani tu. Nilimfikiria sana mtu huyo wakati napiga mishono. Anaishi vipi? Akiugua anaandikisha jina gani? Akicheka, anacheka kwa sauti?

Siku moja tunachambua mchele nikauliza, kwa udadisi wangu tu, "Hivi mtu aliyetoroka, akimaliza kazi zake jioni, anaangalia nini?"

"Anaangalia waliotoroka wenzake," Kasuku akasema. "Kama mgonjwa anavyopenda habari za wagonjwa."

Mama mkwe akaacha mchele. "Kwa hiyo mwanangu anakusikia wewe."

Hatukuwa tumewahi kuliwaza hilo. Sauti ya Kasuku inafika kila mahali, lakini ina vidole kooni na mbwembwe nyingi, hata mimi kuna siku siitambui. Ndugu yake angeisikia bila kujua.

"Huyo wa kwenye tamthilia ana mama?" mama akauliza.

"Anaye. Ametokea sehemu hii ninayoifanya. Amekaa dirishani anatazama nje, muda mrefu, wala hasemi kitu."

Hiyo ilikuwa kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, na nilikuwa nimeshamlalamikia Kasuku. Mama wa mtu, mwanawe anasakwa nchi nzima, wanamweka dirishani kama chungu cha maua.

"Hana maneno?" mama akasema. "Basi mpe."

Tuliyatunga sisi watatu, mama akitaja, mimi nikipunguza, Kasuku akipima kama yataenea. Kesho yake, watoto wa jirani wako shuleni na mtaa umetulia, akabana koo, na yule mama asiye na maneno, mgongo kwa kamera, akasema kwa Kiswahili: "Bwana Baadaye, mwanangu. Karani wa ghala alikamatwa. Alikiri yote. Kesi yako imefutwa. Rudi nyumbani." Nilikuwa upande wa pili wa blanketi, mguu nje ya pedeli, nalia juu ya sketi ya mteja.

Sehemu ikatoka, mtaa ukapagawa. Karani gani? Ghala gani? Hadithi ni ya daraja! Kwa kinyozi walishinda na hoja mchana kutwa: kumbe vyuma vya daraja vilitoka kwenye ghala, kumbe karani ndiye mwizi, kumbe mama anajua siri, mwandishi huyu ni kiboko. Mwalimu mmoja alimpigia Kasuku kumsifu kwa jinsi tamthilia ilivyo na kina. Kasuku alitoka jasho. Ilibidi amtafutie karani nafasi katika sehemu zilizofuata, akimtaja kwenye midomo ya askari waliokuwa wanaagiza chakula. Nasema kweli, ya kwetu ikawa nzuri kuliko ya wenyewe.

Na jina likapata miguu. Fundi bomba akichelewa, Bwana Baadaye. Basi likiharibika, Bwana Baadaye. Vijana wakaanza kupiga simu: "Haloo, mimi ndiye Bwana Baadaye, nitarudi baadaye," kisha vicheko. Mama alikuwa akiinuka kila simu inapolia. Baada ya siku kadhaa akawa hainuki, anageuza kichwa tu. Kuliona hilo kuliniuma kuliko matusi.

Halafu likaja la kutumaliza. Kasuku hana desturi ya kutazama mbele. Hupokea sehemu, huifanya, huisubiri nyingine, anasema akijua mwisho sauti yake inavujisha siri. Nimekuwa nikimgombeza kwa hilo tangu tulipooana. Basi ikaletwa sehemu nyingine mpya, akawasha taa, na baada ya muda mfupi akaizima mwenyewe, akatoka nje ya blanketi hajavua visikilizio vya masikioni.

"Ulikuwa mtego," alisema.

"Nini mtego?"

"Yule mama dirishani. Wamemweka askari. Wamejaa nyuma ya pazia, wanangoja mwanawe amwone aje."

Nikaingia nikaangalia. Ilikuwa picha ile ile, safari hii kamera imezunguka. Mama anatazama nje, na nyuma ya pazia kumesimama inspekta na watu wake, bastola mikononi. Huwezi kufuta askari kwa maneno. Tulikuwa tumemwambia shemeji rudi nyumbani, na sasa tunamwonyesha kinachomngoja nyumbani. Mama alituuliza kuna nini, na hatukuwa na ujanja wa kumficha, alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake. Hakulia. Alisema, "Basi hatakuja," akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kasuku aliifanya kazi ile kwa sauti ya mtu mgonjwa. Angeiacha, wangeifanya wengine, watu walikuwa wanaidai. Mimi nilitamani kumjua aliyeitunga tamthilia ile nimwambie anavyojua kuharibu, ingawa nilijua pia kwamba kwa mtazamaji asiye na shemeji ule ulikuwa uhodari. Ndio uzuri wake wote, kukufanya uamini dirisha kisha akuonyeshe pazia.

Siku chache baada ya sehemu hiyo kutoka, Kasuku alikwenda kwa muuza filamu, simu akaiacha mezani kwangu inachajiwa. Ikalia. Nikaipokea na pini mdomoni.

"Haloo, ni kwa Kasuku?"

"Ndiyo, katoka. Na kama wewe ni Bwana Baadaye, panga foleni, mko wengi."

"Mimi mtazamaji tu, dada. Nina malalamiko."

Nikatoa pini. Malalamiko ndiyo chakula changu. "Yaseme, kaka, nami nina yangu."

"Huyo mkaguzi anakimbia mno."

"Si ametoroka? Ulitaka afanye nini?"

"Mtu akitoroka anakimbia siku ya kwanza tu," alisema. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuongea kidogo. "Baada ya hapo anakaa, dada. Anatafuta kazi isiyo na maswali, anakaa. Watu wanamzoea, naye anawapenda. Halafu siku moja mtu mwema tu, hana ubaya wowote, anamuuliza, wewe kwenu ni wapi? Basi, anafunga begi. Hapo ndipo penye shida. Lakini hawapaonyeshi, wanaonyesha kuruka kuta."

Sikuwahi kusikia kasoro nzuri kama hiyo. Nilijiona kilaza na ndevu zangu. "Na uzuri wake je?" nikauliza, maana nilitaka aendelee.

"Uzuri upo. Anavyojibu salamu. Ukimuuliza habari za nyumbani, anasema nzuri, upesi upesi, halafu anauliza yeye kitu kingine. Hapo wamepatia kabisa." Akakohoa. "Dada, yule karani wa ghala. Alikiri mwenyewe, au walimpiga?"

Watu wote waliopiga simu waliuliza karani ni nani. Hakuna aliyeuliza alivyokiri.

"Mwenyewe," nikasema. "Mbele ya hakimu. Alisema dereva hakuwa na habari."

Neno dereva halimo popote katika tamthilia ile. Upande wa pili nilisikia gari likipita, na mtu anapumua.

"Na nitajuaje," akasema, polepole zaidi, "kwamba nyuma ya pazia lenu hakuna watu?"

Niligeuka nikalitazama blanketi la mume wangu, kana kwamba na mimi sina hakika. Ningemwambia nini? Ningemwapia, na askari pia wangeapa. Ningemwita shemeji, wangemwita shemeji. Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa neno ambalo mtego ungelisema vizuri kuliko mimi, na nikahisi anasogeza simu mbali na sikio. "Usikate," nikasema, "kaka, nakuomba, kuna mtu mwingine hapa mwenye malalamiko." Nikachomoa simu kwenye chaja, nikatoka mbio hadi uani, uzi wa cherehani umenizunguka mguu.

Mama alikuwa anakunja mashuka. Nilimwekea simu sikioni bila kusema ni nani, kwa sababu nilikuwa nimeishiwa.

"Nani?" akasema.

Hakujibiwa. Alisikiliza tu. Sijui alisikia nini katika ule ukimya, lakini uso wake uliacha kuwa wa mzee, ukawa wa mama mwenye hasira.

"Wewe," alisema. "Mtu mzima mzima, unatoka nyumbani kwa mama yako bila kuaga?"

Nikampungia mikono: kesi, mwambie kesi imekwisha! Akanipiga kofi la hewani, ninyamaze.

"Usinikatize. Nilikuwa jikoni. Jikoni hapo! Ungeshindwa nini kuingiza kichwa ukasema, mama, naondoka? Nilipakua chakula chako nikakifunika, nikakaa nangoja kama mjinga. Hata mgeni anaaga. Hata mtu aliyekuja kuomba chumvi anaaga. Mimi nimekuzaa, hunipi hata neno moja?" Akalitupa shuka begani. "Sasa nisikilize. Njoo uniage vizuri. Ukishaniaga, ukitaka kukimbia tena, kimbia. Sitakushika."

Nilisogeza sikio, nikasikia kitu kikikwaruza upande wa pili, nikadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ni mwanaume aliyekuwa analia na hajui kulia, na katikati ya kulia akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema. "Haya, njoo."

Mpaka leo nalifikiria jambo hilo nikiwa kwenye cherehani. Tuliketi watatu tukatunga maneno ya mama, tukayapunguza, tukayapima, tukayafanya ya kumtoa mtu machozi, na ndiyo maana yalifanana na mtego. Hakuna inspekta ambaye angekaa nyuma ya pazia akamwandikia mwanamke amgombeze mwanawe kwa utovu wa adabu.

Alikuja wiki ile ile, mchana kweupe, na mfuko mmoja wa plastiki. Nilimfikiria mrefu, kumbe ni mfupi kuliko mume wangu, na anacheka kwa sauti ndogo. Mama alimwekea chakula, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula, hakumwuliza hata swali moja. Sasa anatusaidia kupeleka nguo kwa wateja, na Kasuku humtumia sauti yake pale penye wanaume wawili wanaogombana.

Mpaka leo hajaaga.